Kona Iliyokatwa Kwenye Karatasi

Mwizi aliyeingia dukani kwa Mama Pindo aliacha cherehani nne, majora kumi na moja ya kitambaa, pasi mbili mpya na redio. Alichobeba ni karatasi moja. Ilikuwa kibali cha ujenzi, kimetiwa kwenye fremu ya kioo, na kilikuwa kimetundikwa ukutani miaka kumi na minane bila mtu kukitazama mara mbili.

"Mwizi gani huyu jamani, msomi?" Koplo aliuliza, mikono kiunoni.

Inspekta aliinama kulitazama kufuli la mlango. Kituo kizima kilimwita Kobe, mwenyewe alijua, na hakuona sababu ya kununa. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala akiharakisha sentensi, lakini faili likishatua mezani kwake halikuondoka mpaka limekwisha. Leo, hata hivyo, alikuwa ametazama saa mara tatu tangu ashuke garini. Nje, kwenye ukuta wa mbele, mtu wa halmashauri alikuwa amechora X nyekundu kubwa kama mlango, na chini yake akaandika: IJUMAA, SAA 2 ASUBUHI. Na leo ilikuwa Alhamisi, saa nne kasoro robo.

"Tuanze upya, mama," alisema. "Pole pole."

Mama Pindo, mjane wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amekaa juu ya furushi la nguo kwa sababu viti vilikwisha kufungwa kamba. Tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Barua yao inasema nimejenga mbele kuliko nilivyoruhusiwa. Mita tatu. Unajua mita tatu ni nini, Afande? Ni duka lote hili, mpaka pale kwenye ngazi. Wakishaliondoa, huko juu ninakolala kutasimamia nini? Nikasema haya, si kibali changu kipo? Nitakwenda nacho, tuwekeane mezani, tusomeane. Jumapili nikalala kwa dada yangu mgonjwa. Jumatatu narudi, fremu haipo."

"Nakala?"

"Nakala ya nini, nami nina yenyewe?"

"Kufuli?"

"Hilo hata kijiti cha meno kinalifungua. Nilikuwa nimepanga kulibadilisha." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nyumba hii tumeijenga na marehemu mume wangu tofali kwa tofali. Sina nyingine. Sina hata kiwanja."

Kobe alifungua pazia la chumba cha kupimia nguo, ambacho hakikuwa chumba hasa, ila pembe ya duka iliyozibwa kwa kitambaa kizito cha maua. Ndani kulikuwa na kioo kirefu, kigoda, na ukutani msumari mtupu. Chini yake rangi ya ukuta ilikuwa imebaki mpya kwa umbo la mraba.

"Fremu ilikuwa humu?"

"Humo humo."

"Wanaume huingia?"

"Mwanamume aingie afuate nini? Humo wanawake wanavua nguo!"

Koplo aliandika kwa furaha kwenye daftari lake. "Basi ni mwanamke, Afande. Mteja. Tena aliyeisoma hiyo karatasi huku anavaa."

"Au anavua," Kobe alisema, akaangalia saa mara ya nne.

Ngazi zikalia. Mwanamume mrefu mwembamba alishuka na gunia begani, shati lake lililopigwa pasi limeshika vumbi, kalamu tatu za risasi zimepangwa mfukoni kwa urefu. Alilitua gunia polepole kama mtu anayetua mtoto.

"Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu," Mama Pindo alisema. "Yuko huko huko mipango miji, ni mkaguzi wa michoro. Amenihangaikia mpaka basi. Leo ameomba ruhusa aje anifungie mizigo."

"Nimejaribu, Afande," yule shemeji alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu wa ofisi. "Mkuu wa idara amenijibu wazi, kanuni haina shemeji. Barabara hii imepandishwa daraja. Sasa ni barabara ya bustani, na barabara ya bustani ina viwango vyake. Kila jengo linakaa mita ishirini kutoka kigingi cha katikati, huku na huku. Hapo katikati utoe njia ya magari, njia ya baiskeli, bustani, miti kila mita nane. Hata bango la duka lina kipimo chake. Jengo moja likitokeza, safu nzima imeharibika."

"Kigingi kiko wapi?"

"Pale kwenye majani. Kina rangi ya njano, hukikosi."

Kobe alimshukuru, akamgeukia Mama Pindo. "Kuna mteja wako yeyote anayefanya kazi halmashauri?"

Mama Pindo alisita. "Yupo mmoja. Mtunza ramani wao. Lakini yule tumekosana. Anasema gauni limembana, mimi nasema gauni halijabadilika. Akaapa mbele za watu kuwa atanikomesha."

Koplo alipigia mstari jina hilo mara mbili.

*

Kabla ya kuondoka walipima. Koplo alishika tepu ya mita hamsini, akavuka barabara nusu, akakikuta kigingi cha chuma kwenye ukanda wa majani uliokuwa haujapandwa bado miti. Rangi ya njano ilikuwa imebanduka banduka. Upande wa pili wa barabara lilisimama jengo la vioo la ghorofa kumi, jipya kiasi kwamba mafundi walikuwa bado wanabandua karatasi za dirisha. Alipima kwanza kwenda huko. Kisha akapima kwenda kwa Mama Pindo, na katika kurudi nyuma akijipimia hatua akajigonga bega kwenye kona ya nyumba, mahali ukuta wa mbele unapokutana na ukuta wa mtaa wa pembeni. Kona ilikuwa kali kama ya kabati.

"Loh! Hii nyumba inapiga askari!" Alijisugua bega. "Afande, habari si nzuri. Kutoka kigingini hadi jengo la vioo ni mita ishirini kamili. Kutoka kigingini hadi kwa mama ni kumi na saba. Kaingia barabarani kweli, masikini."

"Umepima mara ngapi?"

"Mara mbili."

Kobe alisimama akatazama X nyekundu. Kibali kilichoibwa kilikuwa kinaweza kumwokoa mama huyu, au kilikuwa kinaweza kumwumbua. Kama kilikuwa kinamwumbua, aliyefaidika na wizi ni yeye mwenyewe. Wazo hilo hakulipenda, lakini aliliandika.

*

Chumba cha ramani cha idara ya mipango miji kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina makabati ya chuma yaliyopangwa kama majirani wasiosalimiana. Mtunza ramani alikuwa mama mpana mwenye miwani ya kamba, anatafuna karanga kutoka kwenye bahasha ya serikali.

"Karibuni. Msiguse kitu."

Koplo hakuzunguka. "Unamfahamu Mama Pindo?"

"Kwani nani asiyemfahamu yule mwanamke katili?"

"Ulisema mbele za watu kuwa utamkomesha."

"Nilisema. Tena nitarudia. Lakini namkomesha kwa mdomo, mdomo ninao. Nikaibe fremu niifanyie nini, nile kioo?"

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Jumapili nilikuwa namwoza binti yangu, nimevaa gauni hilo hilo. Sikuweza kukaa. Sikuweza kula. Nimesimama toka saa nane mchana mpaka saa nne usiku kama mlingoti. Watu mia tatu ni mashahidi, na picha zipo, ukitaka kunicheka."

Koplo alifunga daftari kwa masikitiko ya wazi. Kobe akaomba faili la kiwanja.

Mchoro ulitandazwa mezani. Karatasi ilikuwa ya njano kwa uzee, imechakaa kwenye mikunjo, muhuri wa bluu ulikuwa wa mtindo wa zamani, na sahihi ilikuwa ya mkuu wa idara aliyekwisha kufariki. Tarehe ilikuwa ya miaka kumi na minane iliyopita. Nyumba ya Mama Pindo ilichorwa humo kwa mistari safi, na ukuta wake wa mbele ulikuwa mita tatu nyuma ya pale uliposimama kweli.

"Ndiyo hii iliyoandikiwa barua ya kubomoa," mtunza ramani alisema. "Mimi mwenyewe niliitoa kwenye faili. Karatasi ni yetu, muhuri ni wetu. Nilisikitika, nisiseme uongo. Tumegombana, lakini nyumba ni nyumba."

"Karatasi tupu za zamani kama hizi bado zipo?"

"Zipo stoo, rundo zima. Na muhuri wa zamani upo kwenye droo. Kwa nini?"

Kobe aliinama. Koplo, aliyemzoea, alivuta kiti akakaa, kwa kuwa alijua hapo dakika kumi zinakwenda. Zilikwenda kumi na mbili. Kisha Inspekta akaweka kidole kwenye mchoro.

"Hapa pamefanywaje?"

"Kona imekatwa," mtunza ramani alisema. "Kiwanja cha kona kwenye barabara kuu lazima kikatwe pembe, mita nne, jengo lisizibe. Dereva anayetoka mtaa wa pembeni aone kinachokuja. Ndiyo kiwango."

"Koplo, lile bega lako limepona?"

"Bado, Afande." Kisha Koplo akakaa wima. "Kona yake haijakatwa! Ni kali kama kisu!"

"Basi amekosa mara mbili," mtunza ramani alisema.

"Kona zilianza kukatwa lini?"

"Kanuni mpya zilipotoka. Baada ya ile ajali ya basi la wanafunzi. Ni miaka... sita sasa. Kabla ya hapo nani alihangaika na kona?"

Karanga ikasimama katikati ya safari. Mtunza ramani alitazama kona, akatazama tarehe, akairudisha karanga kwenye bahasha.

"Miaka kumi na minane," alisema polepole. "Haiwezekani."

"Nitolee viwanja vingine vya kona vya mwaka ule."

Alitoa vitano. Kobe alivipanga kimoja kimoja. Vyote vitano vilikuwa na kona nzima, haikukatwa hata moja. Aliandika namba zake zote kwenye daftari, akaongeza tarehe na saa, akamwomba mama yule aweke sahihi chini yake, naye akaweka.

"Sasa niambie. Humu ndani nani anazijali kona kuliko wengine?"

Mtunza ramani alitazama mlango. "Utanitia matatani, baba."

"Kuna mtu nyumba yake inabomolewa kesho."

"Yupo mkaguzi wa michoro. Sisi tunamwita Bwana Kona. Toka kanuni zitoke, kazi yake ni hiyo. Ukimletea mchoro wa kona nzima, anaurudisha. Amerudisha hata wa mkwe wa mkuu wa idara. Mkono wake hauwezi tena kuchora pembe nzima, tunamtania kuwa hata mkate anaukata kona kabla ya kula." Alishusha sauti zaidi. "Lakini haiwezi kuwa yeye. Ni shemeji yake huyo huyo Mama Pindo."

Koplo alifungua kinywa atoe methali. Kobe akamkata jicho, naye akakifunga.

"Mchoro wa jengo la vioo nani aliupitisha?"

Haukuchukua dakika mbili kupatikana. Ulikuwa wa miaka minne iliyopita. Chini, kwa mwandiko mdogo uliosimama sawasawa, iliandikwa: *Mita 20 kutoka kigingi cha katikati. Nimepima mwenyewe.* Na sahihi ya Bwana Kona.

*

"Sielewi, Afande," Koplo alisema walipokuwa wanarudi barabarani. "Jengo la vioo liko sawa, nilipima mimi. Sasa yeye ana shida gani mpaka amtose mke wa kaka yake?"

"Mchoro wa mama ni wa uongo. Hapo tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi mama alijenga alipoambiwa. Na tepu yako inasema kajenga vibaya. Mmoja kati yenu amekosea, na mimi siamini ni yeye."

Koplo alinuna kwa heshima. Kobe aliingia kwenye ukanda wa majani, akaanza kutembea kutoka kwenye kigingi cha njano kuelekea jengo la vioo, anaburuta kiatu kama mtu aliyeangusha sarafu. Hatua ya nne kiatu kiligonga chuma. Alipiga magoti, akayang'oa majani kwa mkono. Chini yake palikuwa na kigingi kingine, ndugu pacha wa kile cha kwanza, na rangi yake ya njano ilikuwa nzuri zaidi kwa kuwa haikupigwa na jua. Juu yake paligongwa herufi moja, B.

"Kasome kile chako."

Koplo alirudi mbio, akakisugua kile cha kwanza kwa kisigino. "M!"

"M ya nini?"

Alitazama chini, ambako mfuniko wa bomba ulichungulia hatua chache mbele, akajipiga paji la uso. "Maji! Yarabi, nimepimia bomba la maji!"

"Si wewe peke yako. Pima tena."

Kutoka kwenye kigingi cha barabara hadi kwa Mama Pindo zilikuwa mita ishirini. Kutoka hapo hapo hadi jengo la vioo zilikuwa mita kumi na saba. Koplo alipima mara tatu safari hii, bila kuambiwa. Kisha akaliinulia macho lile jengo, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka juu.

"Kumbe lililoingia barabarani ni hili."

"Ndilo."

"Na mtu mmoja alilipitisha kwa kigingi cha maji, akaweka na sahihi."

"Sasa twende tukaulize habari ya msumari."

Mama Pindo alikuwa anakunja pazia la maua. Kobe alisimama mlangoni, hakutaka kuingia na viatu vyenye udongo. "Mama, ile fremu, siku ya kwanza, nani aliipigilia?"

"Shemeji. Yeye ndiye aliyetuletea kibali toka ofisini, siku ile alikuwa na furaha kuliko sisi. Akakitia fremu, akapigilia na msumari mwenyewe. Wakati huo hapakuwa na pazia, palikuwa wazi tu. Mambo ya kupimia nguo nilianza baadaye." Alimtazama kwa matumaini. "Kwa nini, mmeipata?"

"Bado. Yuko wapi yeye?"

"Karudi kazini saa sita. Alisema hawezi kukosa siku nzima."

*

Ofisi ya mkaguzi wa michoro ilikuwa ndogo, na kila kitu ndani yake kilikuwa sambamba na kingine. Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Ofisi zingefungwa saa kumi, na baada ya hapo hakuna mtu wa kusaini kitu mpaka asubuhi, greda likiwa limeshafika.

"Karibu, Afande. Mmepata fununu?"

"Nina shida ndogo ya kitaalamu." Kobe alikaa, akaweka karatasi nyeupe mezani. "Mimi michoro siijui. Nichoree nyumba ya shemeji yako, ilivyoonekana kutoka juu siku ilipojengwa. Ile ya kweli, unayoijua wewe."

Bwana Kona alitabasamu, akachagua kalamu ya katikati. Mstari wa nyuma ukaja, umenyooka bila rula. Mstari wa upande ukafuata. Ukuta wa mbele ulikimbia vizuri kuelekea mtaa wa pembeni, na karibu na mwisho mkono wake ukapinda, ukakata pembe, ukaunganisha. Ulifanya hivyo kwa wepesi wa mtu anayefunga kishikizo.

Kalamu ilibaki hewani. Alitazama alichochora.

"Siku ilipojengwa," Kobe alirudia.

"Ni... nimezoea tu. Ni kazi za kila siku."

"Najua." Kobe alitoa mchoro wa njano, akauweka kando ya ule mpya. Kona mbili zilizokatwa zililala pamoja. "Na huyu aliyechora huu alizoea pia. Mkuu aliyeweka sahihi hapa alifariki miaka tisa iliyopita. Kona zimeanza kukatwa miaka sita iliyopita. Marehemu alikata hii na nani?"



"Leo Koplo wangu amepimia kigingi cha maji," Kobe aliendelea kwa sauti ile ile. "Hana kosa, hakufundishwa. Wewe ulifundishwa."

Bwana Kona aliiweka kalamu mezani, akainyoosha ilingane na ukingo. Kisha mabega yake yakashuka.

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema. "Majani yalikuwa yamefika magotini. Nikaona njano, nikapima, nikasaini, nikarudi garini. Miaka minne sikujua. Mwezi wa tatu mkandarasi wa barabara akaja na vipimo vyake, anasema barabara haitoshi. Kutoka ukuta hadi ukuta inatakiwa arobaini, yeye anaona thelathini na saba. Anataka kujua nani kaingia. Nikamwambia niachie, nitaangalia faili."

"Ungesema umekosea."

"Ghorofa kumi, Afande! Watu wapasue mbele ya ghorofa kumi kwa sababu mimi niliogopa kulowa? Nina miaka ishirini na mbili katika kiti hiki. Nimewarudisha watu kwa sentimita kumi. Wajane, mayatima, wote nimewarudisha. Leo niwaambie nimekosea mita tatu?" Alikuwa analia sasa, lakini bila kelele, na bado anaongea kwa mpangilio. "Kulikuwa na majengo mawili. Mita tatu lazima zitoke kwa mmoja. Nikachagua lililo dogo."

"Ulimchagua mke wa kaka yako," Koplo alisema. Alikuwa amekasirika, wala hakuficha.

"Nisingemwacha barabarani. Nilishapanga."

"Kibali kiko wapi?" Kobe aliuliza. "Umekichoma?"

Kwa mara ya kwanza mtu yule alionekana kutukanwa. "Karatasi yenye muhuri haichomwi."

Aliinuka, akafungua kabati la nyuma yake, akapitisha kidole juu ya migongo ya mafaili na kutoa moja bila kutafuta. Kibali kilikuwa ndani, bila fremu. Kilikuwa kimetobolewa matundu mawili kwa usawa, kimefungwa kwa uzi, na kwenye pembe ya juu kulia, kwa mwandiko mdogo uliosimama sawasawa, kilikuwa kimepewa namba ya ukurasa.

Koplo alikitazama muda mrefu. "Nimekamata wezi wengi," alisema. "Huyu ndiye wa kwanza kuniwekea namba."

Ukuta wa mbele, kwenye mchoro wa kibali hicho, ulikuwa pale pale uliposimama nyumba. Kobe alimwachia Koplo pingu, akakibeba kibali mwenyewe hadi ghorofa ya tatu. Ngazi alizipanda kwa mwendo ambao makarani wawili baadaye waliapa kuwa ulikuwa mbio. Mkuu wa idara alikuwa amekwisha kuvaa koti. Alisoma, akauliza maswali manne, akavua koti, akasaini amri ya kusitisha saa kumi kasoro dakika sita, huku anasema hajui atawaambia nini wenye jengo la vioo. Kobe alimwambia hilo halipo kwenye faili lake.

*

Mama Pindo aliisoma ile amri akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa. Halafu akacheka, akalia, akacheka tena, akamkumbatia Inspekta ambaye hakujua aweke wapi mikono.

"Mungu awabariki. Mungu awabariki jamani. Ngoja nimpigie shemeji, huyo atafurahi kuliko mimi!" Simu ilikuwa tayari mkononi.

"Usimpigie, mama," Kobe alisema.

Alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kupunguza wala kuongeza. Kigingi, mchoro, fremu, mahali alipo sasa. Hakujua njia nyingine ya kusema mambo. Mama Pindo alisikiliza huku anaikunja tepu yake kidoleni, anaikunjua, anaikunja.

"Amenitengenezea chumba kwake," alisema mwishowe. "Wiki mbili sasa. Akaniuliza nataka rangi gani, nikamwambia samawati. Jana amenipeleka kunionyesha. Kapaka mwenyewe, mpaka dari. Nikamwambia shemeji, hata ungekuwa umezaliwa tumbo moja na mimi usingenitendea wema zaidi ya huu." Aliiachia tepu. "Bora angekuwa mwizi tu, Afande. Mwizi ningemlaani, nikalala."



Simu ikaita kwenye kiganja cha Mama Pindo. Wote watatu walilisoma jina. Alikuwa mke wa shemeji. Mama Pindo aliiacha iite mara nne, akapokea, na kwa kuwa duka lilikuwa tupu sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka mlangoni, changamfu, yenye haraka, inauliza kama kitanda kiwekwe upande wa dirisha au upande wa ukuta, maana mafundi wako hapa na mume wake hapatikani kwenye simu.

Mama Pindo alifumba macho.

"Mdogo wangu," alisema, "uko na nani hapo? Kaa chini kwanza. Umekaa?"